Vitafunwa vya protini bila kuoka: korosho, karanga na ufuta wetu wa Kusini vinatosha, tukivitayarisha inavyopaswa

Mleta uzi (Mtwara mjini)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo.

Nimeamua kuandika uzi huu kwa sababu siku hizi naona vijana wengi, na hata akina mama wenzangu, wakitumia fedha nyingi kununua makopo ya unga wa protini na vipande vitamu vilivyofungwa kwenye karatasi za kung'aa, ilhali korosho, karanga na ufuta, ambavyo mara nyingi vinatajwa kwenye karatasi hizo, vinalimwa Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea, Ruangwa na Kilwa. Sehemu kubwa ya korosho zetu huondoka zikiwa ghafi, hazijabanguliwa, kisha tunauziwa kilichotengenezwa kwazo. Naamini kwa dhati kwamba kitafunwa bora cha protini kinaweza kutengenezwa jikoni kwa mama yeyote wa Mtwara au Lindi, bila oveni na bila unga wa kopo. Ila kuna sharti moja ambalo mapishi mengi ya mtandaoni hayalisemi kwa uzito unaostahili: tusichooka si lazima kiwe kibichi. Kazi yote ya maana hufanyika kwenye ungo na kwenye kikaango, kabla hatujachanganya chochote.

Kwanza tuangalie tulicho nacho. Gramu 100 za karanga zina protini gramu 25 hivi. Korosho na ufuta zina takriban gramu 18 kila moja, na njugu mawe kavu ziko kati ya 18 na 20. Soya inazipita zote, ikiwa na gramu zipatazo 36. Mbegu za maboga, ambazo wengi wetu huzitupa, zinakaribia gramu 30. Mtu mzima mwenye afya anahitaji kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 60 anahitaji gramu zisizopungua 48. Hata hivyo protini za mimea hazifanani. Protini hujengwa na vijenzi vidogo, na methionini na lisini ni miongoni mwake. Ufuta una methionini ya kutosha lakini ni haba wa lisini, na jamii ya kunde, yaani kunde zenyewe, mbaazi, soya na njugu mawe, iko kinyume chake. Ukiuchanganya ufuta na kimojawapo cha hivyo, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake, na ndiyo maana sipendekezi kitafunwa cha korosho peke yake, hata kama ni kitamu namna gani.

Sisi watu wa pwani si wageni wa jambo hili. Kashata ya ufuta, ya karanga na ya korosho ni vitafunwa visivyookwa ambavyo bibi zetu walivitengeneza kabla hatujasikia habari za protini. Kasoro yake kwa kusudi letu ni sukari, kwa kuwa inayoyeyushwa ili kuzishika mbegu mara nyingi hukaribia uzito wa mbegu zenyewe. Tunachofanya hapa ni kuichukua kashata, kuibadilishia kinachoishika, na kuongeza kilichokuwa kimepungua.

Sasa nije kwenye ungo. Karanga zinashambuliwa kwa urahisi na kuvu wanaotoa sumukuvu, hasa zilizovunwa kwa kuchelewa, zilizoanikwa chini kwenye udongo au zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Sumu hii huharibu ini, na mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ingawa huko ilitokana na mahindi. Naomba jambo hili lieleweke vizuri: moto wa jikoni hauiondoi sumukuvu. Kukaanga hupunguza kiasi tu, na kusaga huificha, kwa sababu punje mbovu ikishasagwa pamoja na nzuri hakuna jicho litakaloiona. Kwa hiyo zimwage karanga kwenye ungo mwangani, uzichague moja moja, na utoe zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na kuota ukungu, pamoja na zile nyepesi zisizojaa mkononi. Ulizozitoa usiwape kuku, kwa maana sumu hiyo huwadhuru na wao. Nunua karanga zisizosagwa. Karanga za kusaga za sokoni, usizojua zilichaguliwa na nani, ziache zilipo.

Ufuta unataka uangalifu wa aina nyingine. Ufuta wetu unapouzwa kwa kopo huwa na mchanga mwembamba, na mchanga huo ukibaki utausikia kwenye meno hata donge liwe zuri kiasi gani. Upepete, kisha uumimine kwenye sufuria yenye maji mengi, uukoroge, na uuchote kwa chujio kutoka juu huku mchanga ukizama chini. Rudia mpaka chini ya sufuria pabaki safi. Uanike mpaka ukauke kabisa, ndipo uuweke kwenye kikaango kikavu, juu ya moto mdogo wa mkaa, ukiukoroga kwa mwiko bila kupumzika. Mwanzoni utaona hakuna kinachotokea. Baada ya dakika chache punje zitaanza kudatika na kurukaruka, na harufu itabadilika kutoka ile ya majani makavu kuwa harufu nzito ya mafuta. Hapo hapo uepue na uumwage kwenye sinia pana. Ukiuacha kwenye kikaango hata kama umekitoa motoni, joto la chuma litaendelea kuuunguza, na ufuta uliopita kiwango huwa mchungu bila dawa.

Korosho ni rahisi zaidi, mradi ununue zilizokwisha kubanguliwa. Ghafi yenye ganda ina mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake unaumiza macho na kifua, kwa hiyo kazi ya kubangua waachie wenye vifaa na uzoefu. Usilipie korosho nzima nzima nyeupe za daraja la juu. Vipande vina lishe ile ile kwa bei ya chini, na utavitwanga hata hivyo. Vikaange kidogo mpaka viwe na rangi ya dhahabu.

Soya, kunde na mbaazi zisiingie kwenye mchanganyiko zikiwa mbichi hata zikiwa unga laini, kwa sababu zikiwa mbichi zina vitu vinavyozuia mwili kumeng'enya protini na vinavyoweza kuumiza tumbo. Soya ichemshwe kwa nusu saa hivi, ianikwe, ikaangwe, ndipo isagwe. Vivyo hivyo unga wa ngano au wa mahindi usiukoroge mbichi ati kwa kuwa pishi halina kuoka.

Kuhusu kinachoshika donge, mapishi mengi ya kigeni husema tumia mafuta ya nazi kisha uache yagande. Mafuta ya nazi huyeyuka yanapofika nyuzi joto 24 hivi, na Mtwara mchana hatupo chini ya hapo karibu mwaka mzima. Donge linalotegemea mafuta ya nazi likitoka kwenye friji litalegea kabla mgeni hajalinyooshea mkono. Kwetu tende ndiyo inayofaa: haitoi mafuta, hushika vizuri hata kwenye joto, na inaleta utamu bila kuongeza sukari ya dukani. Asali nayo hushika, ila ikiwa peke yake donge hunata sana.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: karanga zilizochaguliwa na kukaangwa gramu 150, korosho gramu 100, ufuta gramu 100, tende zilizotolewa kokwa gramu 200, asali vijiko viwili vya chakula, na chumvi kidogo kwa ncha ya kijiko. Loweka tende katika maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, uzichuje vizuri, kisha uzitwange kwenye kinu mpaka ziwe rojo zito. Zitoe, utwange nusu ya karanga mpaka zianze kutoa mafuta na kushikana, na nusu nyingine pamoja na korosho uziponde tu, ili mlaji apate kitu cha kutafuna. Changanya vyote kwa mkono, ukibakiza ufuta kiasi cha kuviringishia. Finyanga madonge yenye ukubwa wa ndimu ndogo, uyaviringishe kwenye ufuta ule, uyapange juu ya jani la mgomba lililobabuliwa motoni, na uyaache kwa saa moja yashikamane. Mwenye blenda aitumie kwa vipindi vifupi, kwa kuwa rojo la tende huichosha mota. Kwa maoni yangu kinu hutoa matokeo mazuri zaidi.

Mchanganyiko huo hutoa madonge 24 ya gramu 25 hivi. Protini yake yote inakaribia gramu 79, kwa hiyo kila donge lina gramu 3 na kidogo, na nishati isiyopungua kilokalori 110. Nataja hesabu hii kwa makusudi, ili mtu asile donge moja akadhani amemaliza haja ya siku. Ukiongeza gramu 100 za unga wa soya iliyochemshwa na kukaangwa, pamoja na kijiko au viwili vya maji ya tende, kila donge litapanda hadi gramu 4 hivi. Maziwa ya unga hufaa pia, ila madonge yenye maziwa hayo yahifadhiwe kwenye friji.

Kwa asiyependa vitamu, njugu mawe zilizolowekwa usiku na kuchemshwa mpaka zilainike hutwangwa na ufuta uliokaangwa, chumvi, ndimu na pilipili kidogo, zikafinyangwa vivyo hivyo. Hizo zina maji, kwa hiyo ziliwe siku hiyo hiyo.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mchangiaji (Masasi)

Ahsante sana dada kwa maelezo haya. Nina watoto wawili, mmoja anasoma darasa la pili na mwingine bado hajatimiza mwaka. Je, wote wanaweza kula? Na wa shule nimfungie mangapi?

Mleta uzi

Karibu mdogo wangu. Wa darasa la pili mfungie mawili, pamoja na tunda, naye yatamtosha mpaka arudi nyumbani. Huyo mchanga usimpe kabisa madonge haya, kwa sababu mbili zilizo nzito. Asali haipewi mtoto aliye chini ya miezi 12, kwani inaweza kuwa na vimelea ambavyo utumbo wake bado haujaweza kuvishinda. Pia vipande vya karanga na korosho humpalia mtoto mdogo kwa urahisi, na hatari hiyo inaendelea mpaka afike kama miaka mitano, kwa hiyo hata kwa wa miaka mitatu twanga kila kitu kiwe laini. Huyo mchanga akishaanza kula vyakula vingine, karanga laini zilizochaguliwa vizuri unaweza kumchanganyia kidogo kwenye uji, ukimwangalia kama anapata vipele, kuvimba midomo au kuhema kwa shida. Ukiona dalili hizo, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Mchangiaji (Mtwara mjini)

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa mazoezi ya vyuma, na ninaheshimu ulichoandika, lakini kwa hesabu yako mwenyewe siwezi kuacha kopo. Kijiko kimoja cha unga wa protini ya maziwa cha gramu 30 kinanipa protini gramu 20 na zaidi. Ili niipate kwenye madonge yako nitalazimika kula sita au saba, na hapo nishati inazidi kilokalori 650. Nitanenepa badala ya kujenga misuli.

Mleta uzi

Marahaba mwanangu, na hesabu yako ni sahihi kabisa. Korosho, karanga na ufuta ni chakula cha mafuta kwanza na cha protini baadaye, na yeyote anayekuuzia donge la njugu akikwambia linalingana na unga uliotolewa mafuta hakutendei haki. Mahali pa donge ni pale ambapo ungekula andazi au soda, katikati ya milo au saa moja kabla ya mazoezi. Mfanya mazoezi mazito anahitaji kati ya gramu 1.4 na 2 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo 70 anahitaji kama gramu 110, na hizo zitoke kwenye milo. Gramu 100 za samaki aliyepikwa zina protini gramu 20 hadi 25, yai moja lina 6, na dagaa wakavu wana nyingi kuliko vyote hivyo kwa uzito ule ule. Tunaishi ufukweni. Kabla ya kopo jipya, pita feri asubuhi ulinganishe bei. Ukiona baada ya hapo bado unahitaji unga wako, utumie, na unaweza hata kuuchanganya kwenye madonge haya mahali pa soya.

Mchangiaji (Newala)

Nyongeza yangu inahusu mabibo, yaani matunda ya mkorosho. Msimu wa korosho mabibo mengi huozea chini ya mikorosho, na sisi huku tumeanza kuyakausha kwa ajili ya kutafuna. Tunayakata vipande vyembamba, tunayaloweka kwenye maji ya chumvi ili kupunguza ukakasi, tunayapitisha kwenye mvuke, kisha tunayaanika juu ya kichanja kilichofunikwa kwa chandarua kuzuia nzi. Yakikauka yakawa kama ngozi, yakitwangwa yanaweza kuchukua nafasi ya nusu ya tende. Tende kwetu zinaletwa kutoka nje, na ukitoka mwezi wa Ramadhani hazipatikani kirahisi.

Mleta uzi

Nimeipokea kwa mikono miwili, ndugu yangu. Nyongeza hii inapunguza gharama na inaondoa utegemezi wa tende. Bibo pia lina vitamini C nyingi likiwa bichi. Sehemu yake hupotea juani na kwenye mvuke, lakini inayobaki husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye ufuta na karanga. Kwa sababu hiyo hiyo huwa napenda kuviringisha madonge kwenye unga wa ubuyu, ambao uchachu wake unapunguza uzito wa mafuta mdomoni.

Mchangiaji (Nachingwea)

Mwanangu, umeandika vizuri. Niongeze kwa wasiojua kwamba karanga katika ardhi hii zina historia. Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, na Nachingwea yetu ilikuwa mojawapo ya maeneo yaliyolimwa kwa matrekta, na bandari ya Mtwara na reli vilijengwa kwa ajili hiyo. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, lakini karanga ziliendelea kulimwa na wakulima wadogo kwa majembe ya mkono. Leo kituo cha utafiti cha Naliendele kinatoa mbegu bora za karanga, nyingine zimepewa majina ya kwetu kama Mangaka na Nachingwea. Ushauri wangu kwa wanaonunua ni kwamba muulizeni muuzaji zilivunwa lini na zilianikwa juu ya nini. Mkulima aliyeanika kwenye turubai au kichanja atakujibu bila kusita.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu, na ahsante. Swali hilo la zilianikwa juu ya nini nitalitumia sokoni kuanzia sasa, kwa kuwa linamlinda mlaji kabla hata ya ungo.

Mchangiaji (Lindi)

Mimi nina kisukari, na daktari amenizuia sukari. Kwa kuwa hakuna sukari ndani, naweza kula bila wasiwasi?

Mleta uzi

Pole dada yangu. Hapana, usile bila wasiwasi. Tende na asali ni sukari kwa mwili wako, hata kama hazikutoka kwenye mfuko wa dukani. Karanga na korosho zenyewe hupandisha sukari taratibu, kwa hiyo kinachokufaa zaidi ni kiganja kimoja cha karanga zilizokaangwa bila chochote, au madonge ya njugu mawe yenye ndimu, ukihesabu wanga wake kama sehemu ya mlo. Kiasi chake ukubaliane na daktari wako, ambaye anazijua dawa unazotumia.

Mchangiaji (Kilwa Masoko)

Habari mama. Nimejaribu kipimo chako na familia imekipenda. Yanakaa muda gani, na je, nikitaka kuwauzia abiria stendi nianzie wapi?

Mleta uzi

Nimefurahi sana kusikia hivyo. Ya tende yakiwa kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaobana hukaa siku nne au tano nje ya friji, na wiki mbili hadi tatu ndani yake. Unyevu wa pwani ndio adui yake, kwa hiyo usiyafunike yakiwa bado na joto la kikaango, na usiingize kijiko chenye maji. Yakianza kunuka kama mafuta ya zamani, yatupe.

Kwa biashara, anzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambako utapata mafunzo ya usindikaji na vifungashio, na kutoka hapo uelekee TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu mwaka 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula. Kwenye kifungashio andika kwa herufi zinazosomeka viungo vyote, ukianza na karanga, korosho na ufuta kwa sababu wapo watu vinaowadhuru, pamoja na tarehe ya kutengeneza na tarehe ya mwisho wa kutumia. Ukianza, anza na kiasi kidogo kinachoisha siku hiyo hiyo, kwa kuwa joto la stendi mchana linaharakisha kuharibika kwa mafuta kuliko joto la jikoni kwako.